Tangazo la Rais na Karatasi ya Mahitaji: Elimu Bila Malipo Ikitazamwa kutoka Ziwa Chala

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia ahadi ya elimu bila malipo nchini Kenya, ahadi ambayo imetolewa na marais watatu kwa nyakati tofauti, na kuilinganisha na ahadi kama hiyo upande wa Tanzania. Pa kutazamia ni wadi ya Chala, kaunti ndogo ya Taveta, ambako mpaka wa nchi hizi mbili unapita katikati ya ziwa moja. Hoja kuu ni kwamba mageuzi ya kijamii huingia kwa tangazo la rais, lakini hutoka kimyakimya, kwa karatasi ya mahitaji ambayo mtoto huipeleka nyumbani. Itikadi ya kiongozi haikutosha kuyalinda, na sheria peke yake haikutosha pia. Urithi wa rais kwa hiyo haupimwi kwa wingi wa watoto walioingia darasani mwaka wa kwanza. Unapimwa kwa kuuliza, miaka kumi baadaye, nani analipa pengo ambalo serikali imeliacha.

Utangulizi: ziwa moja, serikali mbili

Ukisimama ukingoni mwa Ziwa Chala upande wa Taveta, maji unayaona chini kabisa, ya buluu iliyokolea, na ng'ambo yake ni Tanzania. Hakuna ua wala alama juu ya maji ya kuonyesha mpaka unapopita. Ziwa limekaa ndani ya shimo la volkeno kwenye miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro. Ukubwa wake unazidi kidogo kilomita 4 za mraba, na kina chake kinapita mita 90. Halina mto wa kudumu unaoingia wala unaotoka. Maji hutoka mlimani yakipenya chini ya ardhi, na huondoka vivyo hivyo bila kuonekana. Kingo zake zimesimama kama kuta za kisima. Maji ni tele, ila anayetaka ndoo moja sharti ashuke mwamba na kuupanda tena.

Magharibi mwa ziwa ni Rombo, upande wa Tanzania. Mashariki ni wadi ya Chala, mojawapo ya wadi tano za Taveta, nyumbani kwa Wataveta, Wataita, Wakamba na Wachaga. Wenye mfereji hulima ndizi. Wasio na mfereji hutegemea mvua isiyotabirika. Watu wa pande hizi mbili huoana, huzikana na huuziana mazao. Lakini tangu uhuru wameishi chini ya serikali zilizosimulia maendeleo kwa lugha mbili zinazopingana: moja ikisema ujamaa na kujitegemea, nyingine ikisema harambee na mali ya mtu binafsi.

Tofauti hiyo imeandikwa sana. Kufanana kwao hakujaandikwa vya kutosha. Katika jambo moja kubwa, la kumpeleka kila mtoto shuleni bila karo, serikali hizi mbili ziliahidi katika miaka ileile, zikarudi nyuma katika muongo uleule, na zikaahidi tena zikiwa zimepishana kwa miaka miwili tu. Mtafiti aliyeko Nairobi au Dodoma huliona jambo hili kama historia mbili. Kutoka Chala ni historia moja, na swali lake ni hili: mbona ahadi kubwa namna hii haikudumu upande wowote wa ziwa?

Mwaka 1974, huku na kule

Upande wa Kenya, ahadi ilitangulia uwezo. Ilani ya chama cha KANU ya mwaka 1963 iliahidi elimu ya msingi ya bure. Miaka miwili baadaye ulitoka Waraka wa Sera Na. 10 wa 1965 kuhusu Usoshalisti wa Kiafrika, waraka unaohusishwa zaidi na Tom Mboya. Humo serikali ilieleza kwamba fedha za maendeleo zielekezwe mahali zitakapozaa haraka: penye rutuba, mvua, barabara na watu walio tayari kupokea mabadiliko. Kwa mtu wa uchumi hiyo ni hesabu ya kawaida. Kwa mtu wa Chala ilikuwa hukumu. Nyanda za Taveta ni kavu, na sehemu kubwa ya ardhi yenye maji ilikuwa tayari mashamba ya mkonge yaliyoanzishwa na mlowezi Ewart Grogan enzi za ukoloni. Ukitazama kaunti nzima ya Taita Taveta, zaidi ya asilimia 60 ya ardhi ni hifadhi za Tsavo. Eneo kama hili halikuwa na namna ya kushinda katika mizani ya faida ya haraka.

Mwaka 1971 Rais Jomo Kenyatta aliamuru karo iondolewe katika maeneo makame. Hapa Pwani, maeneo yaliyotajwa yalikuwa Tana River na Lamu, lakini eneo la Taita Taveta halikuwamo. Ikaja amri ya Desemba 1973, wakati wa kuadhimisha miaka kumi ya uhuru: kuanzia Januari 1974, darasa la kwanza hadi la nne halilipiwi karo popote nchini. Shule zilifurika. Wanafunzi wa msingi waliokuwa takriban milioni 1.8 mwaka 1973 walikaribia milioni 2.8 mwaka 1974. Walimu hawakuwa wameandaliwa, wala madarasa, wala fedha za kufidia karo iliyoondolewa.

Ng'ambo ya ziwa mambo yalikuwa yakienda kwa kasi hiyohiyo, kwa maneno mengine. Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 lilifuatwa mwezi uliofuata na Elimu ya Kujitegemea ya Julius Nyerere. Karo ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Novemba 1974, Azimio la Musoma liliagiza kwamba kufikia mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani, mpango ambao Watanzania waliuita UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uandikishaji ulikuwa umepita asilimia 90, mafanikio ambayo nchi chache za Afrika zilikuwa zimeyafikia.

Haifai kuzisawazisha kabisa juhudi hizi mbili. Tanzania ilikuwa na mpango; Kenya ilikuwa na amri. Tanzania ilitayarisha walimu wa UPE vijijini, hata kama mafunzo yao yalikuwa ya haraka. Kenya iliwaachia wakuu wa shule watafute njia. Hata hivyo zote mbili zilisimama juu ya nguzo moja, nayo ni neno la mkuu wa nchi. Max Weber alitofautisha mamlaka yanayotokana na haiba ya mtu na yale yanayotokana na sheria na ofisi, akaonya kwamba haiba haidumu isipogeuzwa kuwa utaratibu wa kila siku. Mwaka 1974, pande zote mbili za Chala, mageuzi yalikuwa bado haiba.

Kurudi nyuma bila tangazo

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Ulifunguliwa Novemba 1983. Kwa karibu miaka saba jamaa wa Chala na Rombo walitenganishwa rasmi, na wakuu wao wa nchi wakashindana kwa maneno kuhusu nani ameijenga jamii bora. Ndani ya kipindi hichohicho, na muda mfupi baada yake, pande zote mbili zilianza kurudisha mzigo kwa mzazi.

Kenya ilianza mapema. Karo ilipoondolewa mwaka 1974, shule nyingi zilianzisha pesa za majengo, kwani watoto walikuwa wengi na vyumba vichache. Daniel Sifuna, mwanahistoria wa elimu wa Kenya ambaye amelinganisha matangazo ya mwaka 1974 na 2003, anaonyesha kwamba pesa hizo zilifikia hata kuzidi karo iliyofutwa, na kwamba wengi wa watoto walioingia kwa tangazo walitoka kwa sababu ya majengo. Rais Daniel arap Moi alipoingia madarakani aliondoa malipo hayo, na mwaka 1979 akaanzisha maziwa ya shule.

Maziwa hayo, maarufu kama maziwa ya Nyayo, yanastahili kutazamwa kidogo. Yalikuja katika pakiti ndogo ya pembetatu. Muulize mtu yeyote wa makamo aliyesoma shule ya msingi Kenya miaka ile, Taveta au kwingineko, naye atakuonyesha kwa vidole jinsi pakiti ilivyokaa mkononi, na jinsi watoto walivyoitoboa pembe kwa meno. Ni urithi wa rais unaokumbukwa kwa ulimi. Lakini muulize mtu huyohuyo maziwa yalikoma lini, atafikiri, kisha atasema hajui vizuri. Siku moja hayakuja, na wiki iliyofuata hayakuja tena. Hakuna rais aliyepanda jukwaani kusema: kuanzia leo, maziwa basi. Mwanzo wa mageuzi una tarehe, mgeni wa heshima na picha gazetini. Mwisho wake hauna.

Ndivyo ilivyokuwa kwa elimu yenyewe. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulidai karakana, na karakana zilijengwa kwa harambee za wazazi. Waraka wa Sera Na. 6 wa 1988 ukahalalisha kugawana gharama: serikali ilipe walimu, mzazi alipe vilivyobaki. Mwaka 1998, chini ya masharti ya kubana matumizi, serikali ikasimamisha kuajiri walimu wapya isipokuwa wa kujaza nafasi za walioondoka. Nchini Tanzania, vita vya Kagera, bei ya mafuta na uchumi uliodorora vilileta michango ya UPE katikati ya miaka ya 1980, kabla na baada ya Nyerere kumwachia kiti Ali Hassan Mwinyi mwaka 1985. Mwaka 1986 Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mkondo ukawa mmoja.

Huu ndio ushahidi wa kwanza wa hoja yangu. Kama itikadi ndiyo iliyobeba mageuzi, upande wa ujamaa ungepaswa kustahimili pale upande wa ubepari uliposhindwa. Haikuwa hivyo. Pande zote mbili mageuzi yaliondoka kwa njia moja: hayakufutwa, yalimomonyolewa kwa majina mapya ya malipo ya zamani.

Mwaka 2003: tangazo lenye akaunti ya benki

Muungano wa NARC ulishinda uchaguzi wa Desemba 2002, na mwanzoni mwa Januari 2003 serikali ya Mwai Kibaki ikatangaza elimu ya msingi bila malipo kwa madarasa yote manane. Wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 mwaka 2002 hadi milioni 7.2 mwaka 2003. Tanzania ilikuwa imetangulia: serikali ya Benjamin Mkapa iliondoa ada ya msingi mwaka 2001, na uandikishaji ukapanda kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005.

Mwaka 2004 mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akisema alisikia serikali imesema elimu ni ya wote. Dunia ilimshangilia kama kisa cha kusisimua. Mimi namsoma kama mwanasheria mzuri kuliko wengi: alilichukua neno la rais kama haki yake, akaenda langoni kuidai.

Tofauti ya mwaka 2003 na 1974 ilikuwa kubwa. Safari hii tangazo lilikuja na pesa. Kila mwanafunzi alitengewa kapitesheni, yaani mgao wa mwaka, wa shilingi 1,020. Kati ya hizo, 650 ziliingia katika akaunti ambayo walimu wote wa kipindi hicho waliijua kwa jina la SIMBA, ya vitabu, madaftari na kalamu. 370 ziliingia katika akaunti ya matumizi ya jumla. Orodha ya mapokezi ilibandikwa mlangoni mwa ofisi ya mwalimu mkuu ili mzazi aisome. Kwa shule iliyozoea kununua chaki kwa pesa za michango, huko kulikuwa kufunguliwa kwa mfereji halisi. Mwaka 2008 serikali iliongeza ruzuku ya masomo kwa shule za upili za kutwa, na mwaka 2018, chini ya Uhuru Kenyatta, mgao wa mwanafunzi wa upili ukafikishwa shilingi 22,244, pamoja na sera kwamba kila anayemaliza msingi aingie kidato cha kwanza.

Mtu angeweza kusema basi, hapa haiba imegeuka utaratibu. Nakubali nusu. Akaunti ni utaratibu. Kiasi kilichomo si utaratibu. Shilingi 1,020 za mwaka 2003 hazikufungwa kwenye kipimo chochote cha bei. Zilipopandishwa baada ya miaka mingi zilifika 1,420. Ukizigawa kwa mihula mitatu ni shilingi 473 kwa mtoto kwa muhula, kwa kila kitu ambacho si mshahara wa mwalimu. Bei ya karatasi, umeme na seremala haikuisubiri Hazina.

Ushahidi wa karatasi

Pengo kati ya mgao na bei hujazwa na karatasi. Mzazi yeyote ukanda huu anaijua. Kwa kawaida ni nusu ukurasa, imerudufishwa mara nyingi hadi herufi zimefifia, ina mhuri wa shule chini na nafasi ya sahihi ya mzazi. Mtoto huileta siku ya kufunga au siku ya kufungua, imekunjwa ndani ya daftari. Juu imeandikwa mahitaji. Chini yake hufuata rimu ya karatasi, pesa za mtihani, chakula cha mchana, mlinzi, mpishi, na mwalimu wa bodi.

Neno ambalo halimo ni karo. Hilo si jambo dogo. Karo ni neno la sheria. Ukilitumia umevunja sheria. Badala yake yanakuja maneno laini: mchango, motisha, makubaliano ya wazazi. Lugha ya shule imejifunza kuishi kando ya tangazo la rais bila kugongana nalo.

Isomwe basi kama hati ya historia, mstari kwa mstari. Mwalimu wa bodi yumo kwa sababu ajira ilisimamishwa mwaka 1998, kisha watoto zaidi ya milioni moja wakaongezwa mwaka 2003, na bodi za shule zikalazimika kuajiri vijana waliohitimu ualimu na kuwalipa kidogo kutoka mfukoni mwa wazazi. Pesa za mtihani zimo kwa sababu mgao hautoshi kuchapisha. Chakula cha mchana kimo kwa sababu mtoto wa nyanda kavu aliyetoka nyumbani bila kifungua kinywa, akatembea kilomita kadhaa, hawezi kusoma hesabu saa nane mchana. Mlinzi yumo kwa sababu vitabu vya serikali sharti vifungiwe. Hakuna mstari wa ulafi hapo. Kila mmoja ni mahali ambapo mageuzi yaliishia na mzazi akapokea kijiti.

Ndiyo sababu lawama ya kawaida, kwamba walimu wakuu wanaihujumu sera ya serikali, haina mashiko. Wizi umekuwapo, tena mkubwa: ulipofichuliwa ubadhirifu wa fedha za elimu ya msingi mwaka 2009, Uingereza ilisitisha msaada wake kwa mpango huo. Lakini huo ulikuwa wizi wa mezani Nairobi. Karatasi ya Chala huandikwa na mwalimu ambaye amepewa watoto wote na nusu ya gharama.

Na mzazi anayeipokea ana nini? Ikiwa ana mgunda wenye maji, ana mikungu ya ndizi ya kupeleka soko la Taveta. Ikiwa ni mmoja wa wale ambao babu zao walibaki maskwota kandokando ya mashamba ya mkonge, hana hata mgunda. Tembo wakitoka Tsavo usiku wakavunja mahindi, ule muhula wa watoto wake umevunjwa pamoja na mahindi. Karatasi ni ileile kwa wote. Uzito wake hutegemea historia ya ardhi. Mageuzi ya elimu yaliyotangazwa bila kugusa ardhi yalimkuta kila mzazi pale ukoloni na serikali za baadaye zilipomwacha.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni la kisheria. Patasemwa kwamba elimu bila malipo haikuwa neno la rais tu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikwisha kuitambua haki hiyo kabla ya tangazo la Kibaki. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, sehemu ya 29, inakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Yote ni kweli. Lakini sheria ya 2001 ilikaa bila pesa hadi siasa zilipobadilika. Na sehemu hiyohiyo ya 29 inaruhusu malipo mengine yakiidhinishwa na Waziri kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, ingawa inasema mtoto asikataliwe kwa kushindwa kuyalipa. Kwa mlango huo karatasi yetu imepita. Sehemu ya 30 nayo inamwekea mzazi asiyempeleka mtoto shuleni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Tazama mizani ilivyo: mzazi anayeshindwa ana adhabu iliyotajwa kwa tarakimu, serikali inayopeleka mgao pungufu haina.

Pingamizi la pili ni la kitakwimu. Tessa Bold, Mwangi Kimenyi na wenzao walichunguza takwimu za Kenya, wakadai kwamba kuondolewa kwa karo hakukuongeza uandikishaji halisi katika shule za umma kama ilivyodhaniwa, kwani familia zenye uwezo zilihamia shule za kibinafsi. Wengine hulitumia hili kusema kwamba mageuzi ya Kibaki yalikuwa kelele. Nadhani linasema jambo jingine. Maskini waliingia, wenye nacho wakatoka, na walipotoka waliondoka na sauti zao. Mzazi ambaye angeweza kumpigia simu mbunge kuhusu mgao uliochelewa hana tena mtoto katika shule hiyo. Huduma ya umma ikibaki ya wanyonge peke yao, hukosa mtetezi, na kumomonyolewa kwake hakumsumbui mkubwa yeyote.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote: kwamba hata mageuzi yaliyopungua yamezaa kizazi. Nalikubali bila masharti. Wako wasichana wa Chala na Rombo wanaosoma ujumbe wa simu, kujaza fomu na kuhesabu faida ya nyanya zao kwa sababu mlango ulifunguliwa mwaka mmoja mwafaka katika maisha yao. Waliowahi kuingia hawawezi kuondolewa elimu vichwani. Lakini bahati ya kuzaliwa mwaka mwafaka haiwezi kuitwa haki. Aliyefikia umri wa shule mwaka 1974 alipata, aliyefikia mwaka 1990 akalipa, aliyefikia mwaka 2003 akapata. Watoto wa mama mmoja wanaweza kuwa na hatima tatu, kila mmoja kwa rais wake.

Haki inaporudi kuwa fadhila

Kuna mabadiliko mengine ambayo hayaonekani kwenye karatasi ya shule, bali kwenye bahasha ambayo mzazi hutembea nayo. Karatasi ikimshinda, hutafuta basari. Kuna ya mfuko wa maendeleo ya eneobunge, ulioanzishwa mwaka 2003, mwaka uleule wa elimu bila malipo. Kuna ya kaunti, tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Kuna ya ofisi ya mwakilishi wa wanawake. Kila moja ina fomu yake, na fomu hudai mhuri wa chifu, sahihi ya mwalimu mkuu, pengine na ya kiongozi wa dini. Siku ya kugawa hundi pana hema, viti na hotuba.

Pesa hizo husaidia, na hakuna haja ya kuzibeza. Ila ziangalie kwa jicho la nadharia. Shilingi ambayo ingefika shuleni kama mgao wa kila mtoto, bila mtoto huyo kujulikana na mtu, inafika sasa kwa jina la mwanasiasa, kwa mtoto ambaye mamaye alijua fomu hutolewa lini. Haki iliyotangazwa na rais inarudi kwa mwananchi kama fadhila ya mbunge. Katika nyanda hizi ambako watu walizoea kupewa maji kwa hisani ya mwenye mfereji, mpangilio huo si mgeni. Ndio ule ule ambao mageuzi yalidai kuuondoa.

Upande wa Tanzania umepita njia yake. Serikali ya John Magufuli iliondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na serikali ya Samia Suluhu Hassan ikasogeza mpaka huo hadi kidato cha sita mwaka 2022. Kwa mara nyingine nchi hizi mbili zinatembea sambamba kando ya ziwa, kila moja kwa tangazo la mkuu wake.

Na dalili za kurudi nyuma zimeanza kuonekana tena, safari hii hadharani kuliko kawaida. Julai 2025 Waziri wa Fedha wa Kenya, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba Hazina haimudu shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa upili, na kwamba kinachowezekana ni takriban 16,900. Kauli ilizua kelele, na serikali ya Rais William Ruto ikasisitiza kwamba elimu bila malipo ingali palepale. Labda. Lakini tofauti ya shilingi 5,344 haitoweki kwa kukanushwa, inakwenda mahali. Historia ya tangu 1974 inatuonyesha inakokwenda.

Hitimisho

Kenyatta, Moi na Kibaki wote waliahidi kilekile, na kila mmoja ana watu wanaomkumbuka kwacho. Ahadi ingetolewa mara moja kama ingetimia. Iliyotolewa mara tatu ni ushahidi kwamba mbili za kwanza zilikufa bila mazishi. Nyerere, kwa mpango bora na moyo mpana zaidi, hakunusurika na hatima hiyo. Kilichokosekana pande zote mbili hakikuwa nia. Kilikosekana kifungo cha kifedha ambacho mrithi wa kiti hawezi kukilegeza kimyakimya.

Kifungo hicho kinaweza kutajwa kwa maneno ya kawaida. Kiasi cha mgao wa kila mwanafunzi kiandikwe katika sheria na kipande kila mwaka kwa kufuata bei, kisiachwe kwenye hotuba ya bajeti. Serikali inayopeleka pungufu itangaze pungufu hilo shule kwa shule, kwa shilingi, kabla ya muhula kufunguliwa. Fedha za basari zilizotawanywa katika ofisi za wanasiasa ziingie katika mgao huo, zimfikie mtoto bila fomu wala hema. Na malipo yote yanayoruhusiwa chini ya sehemu ya 29 yachapishwe kwa kila wadi, ili michango iitwe kwa jina lake.

Kwa wenzangu watafiti nina ombi dogo. Tumezoea kuandika urithi wa marais kwa kusoma hotuba, ilani na ripoti za wizara, hati ambazo zote huhifadhiwa vizuri. Karatasi ya mahitaji haihifadhiwi na mtu. Muhula ukiisha huwashiwa moto wa jikoni. Tuikusanye, mwaka kwa mwaka, kutoka Chala na kutoka Rombo, kabla hatujatia sahihi hukumu yetu juu ya rais yeyote.